Mistari mitatu ya wasifu: kuzielewa akademia na vyama vya wachoraji wa Urusi

Fungua katalogi yoyote ya mnada wa picha za Kirusi. Chini ya jina la mchoraji utakuta wasifu wa mistari mitatu, na wasifu hizo zinafanana kama sare za shule: alihitimu Taasisi ya Repin, Leningrad, mwanachama wa Umoja wa Wachoraji tangu mwaka fulani, mwanachama mshiriki wa Akademia ya Sanaa. Msomaji anapita haraka akidhani ni mapambo, kama mtu anavyoandika digrii zake kwenye kadi ya mwaliko wa harusi.

Kumbe mistari hiyo mitatu ina ugomvi wa miaka zaidi ya mia mbili ndani yake. Ilya Repin, ambaye taasisi inaitwa kwa jina lake, alipata umaarufu wake mkubwa katika kundi lililoanzishwa na watu walioipa Akademia mgongo. Umoja wa Wachoraji ulikaa robo karne bila kuitisha mkutano mkuu wa kwanza. Akademia nayo ilifutwa kwa amri ya serikali mwaka 1918, kisha mwaka 1947 serikali hiyohiyo ikaunda nyingine, safari hii makao yakiwa Moscow.

Tutenganishe maneno kwanza, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Akademia, kwa Warusi, ni vitu viwili ndani ya kanzu moja: shule inayofundisha kuchora, na baraza la wakubwa linalogawa vyeo. Chama ni watu waliojikusanya kwa hiari yao ili waonyeshe na kuuza picha pamoja. Kilizaliwa, kikagombana, kikafa, kikazaliwa kingine. Umoja wa baada ya 1932 ni mnyama wa tatu, na tutamfikia. Ninasema "wachoraji" kwa sababu "msanii" kwetu siku hizi ni mtu mwenye maikrofoni, ila humo walikuwamo wachongaji na wachoraji wa vitabu pia.

Uhuru uliokuja na cheti

Akademia ilianzishwa St Petersburg, mji uleule ulioitwa Leningrad enzi za Wasovieti, mwaka 1757, enzi ya Malkia Elizaveta, kwa juhudi za Ivan Shuvalov, mtu wa karibu wa malkia, aliyeiweka kwanza ndani ya jumba lake mwenyewe. Mwaka 1764 Ekaterina wa Pili akaipa katiba na jina la Akademia ya Kifalme, na ujenzi wa jengo lake ukaanza kando ya mto Neva, kwenye Kisiwa cha Vasilyevsky. Jengo lipo hadi leo, lina pembe nne kwa nje na ua wa duara kama sinia katikati. Mbele yake, ukingoni mwa mto, wamelala sfinksi wawili wa mawe, simba wenye kichwa cha binadamu, waliotolewa Thebes, Misri, wenye sura ya Farao Amenhotep wa Tatu. Walisimikwa hapo mwaka 1834. Ndio Waafrika wa kwanza kufika Akademia, na wameyaona karibu yote nitakayosimulia.

Katika katiba ya 1764 kulikuwa na kipengele kizito kuliko masomo yote: mhitimu wa Akademia na uzao wake ni watu huru, na hakuna wa kuwafanya watwana. Urusi ya wakati huo, na hadi 1861, ilikuwa nchi ambayo mamilioni ya wakulima walikuwa mali ya makabaila. Kabaila aliweza kuwa na mchoraji wake kama alivyokuwa na mpishi wake na mtunza farasi wake. Kwa hiyo cheti cha Akademia kilikuwa zaidi ya sifa. Kilimweka mtu kwenye ngazi ya vyeo vya serikali, kikamtoa katika kundi la wanaolipa kodi ya kichwa.

Ngazi yenyewe ilipandwa kwa medali: fedha ndogo, fedha kubwa, dhahabu ndogo, dhahabu kubwa. Aliyefika juu kabisa alipelekwa ng'ambo kwa gharama ya serikali kwa miaka kadhaa, mara nyingi Italia, akachore magofu na miili ya miungu. Akirudi, alitarajiwa kupewa uakademia, baadaye uprofesa.

Mfano wa thamani ya mlango huo ni Taras Shevchenko. Alikuwa mtwana wa kabaila Pavel Engelhardt, kijana mwenye mkono wa ajabu, na watwana hawakuruhusiwa kusoma pale. Karl Bryullov, profesa wa Akademia na mchoraji mashuhuri kuliko wote nchini wakati huo, akachora picha ya mshairi Vasily Zhukovsky, ikachezeshwa bahati nasibu miongoni mwa watu wa ikulu. Zikapatikana rubli 2,500, bei aliyotaka kabaila. Hiyo ilikuwa mwaka 1838. Shevchenko akapewa hati yake ya uhuru, akaingia Akademia kusoma kwa Bryullov huyohuyo, na baadaye akawa mshairi mkuu wa Ukraine.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu wanaoandika juu ya Akademia hupenda kuifanya jini la hadithi: wazee wenye nywele za bandia wanaozima vipaji. Wapo waliozimwa. Lakini anayeikimbia taasisi inayogawa uhuru, kazi na nauli ya kwenda Roma anajua anachokiacha.

Kumi na wanne

Tarehe 9 Novemba 1863, wanafunzi waliokuwa wakigombea medali kubwa ya dhahabu waliitwa mbele ya Baraza la Akademia. Utaratibu ulikuwa huu: wote wanapewa mada moja, kila mmoja anafungiwa kwenye kijumba chake kwa saa 24 atoe mchoro wa awali, na mchoro huo hauruhusiwi kubadilishwa baadaye. Mada ya mwaka huo ilikuwa karamu ya Valhalla: mungu Odin wa watu wa kaskazini kwenye kiti chake, kunguru mabegani, mbwamwitu miguuni. Utwana ulikuwa umefutwa miaka miwili tu nyuma. Nchi nzima ilikuwa inazungumzia ardhi, na wao wanaambiwa wachore kunguru wa Odin.

Walikuwa wameshaomba kwa maandishi kila mtu achague mada yake. Hawakujibiwa walivyotaka. Basi siku hiyo Ivan Kramskoi, aliyekuwa kama kaka yao mkubwa, akasema kwa niaba ya wenzake kwamba wanaomba kujitoa kwenye mashindano. Kisha mmoja baada ya mwingine wakatoa barua walizoziandaa mapema, zote kwa maneno karibu yaleyale: kwa sababu za nyumbani au nyinginezo hawawezi kuendelea na masomo, wanaomba cheti kinacholingana na medali walizokwisha kupata. Uzuri wa barua zile ni upole wake. Hakuna tusi, hakuna itikadi; "sababu za nyumbani" tu, kama mfanyakazi anayeomba ruhusa kwenda kuzika. Serikali haikudanganyika. Magazeti yalizuiwa kuliandika jambo hilo, na polisi wakaanza kuwafuatilia kwa siri.

Walikuwa kumi na wanne, wachoraji kumi na watatu na mchongaji mmoja. Wakatoka wakiwa hawana studio, hawana posho, na baadhi yao wana wake. Ndipo wakafanya walichofanya mafundi wa Kirusi tangu zamani, seremala na waashi waendao mjini kutafuta kibarua: wakaunda artel. Artel ni kundi la watu wanaofanya kazi pamoja na kugawana kipato. Mtu wa kwetu akifikiria kikoba na mgahawa wa pamoja vilivyofungwa kitanzi kimoja hatakuwa mbali sana. Walipanga nyumba, wakaishi na kula pamoja, mke wa Kramskoi akisimamia jiko na matumizi. Wakapokea kazi zozote: picha za watu, sanamu takatifu za makanisani, masomo ya kuchora. Sehemu ya kipato cha kila mmoja iliingia mfuko wa pamoja. Alhamisi jioni walifungua milango. Meza ndefu ilijazwa karatasi na rangi, wageni wakakaa kuchora huku mmoja akisoma kwa sauti.

Artel haikuvunjwa na polisi. Ilivunjwa na yaleyale yanayovunja vikoba. Mwanachama mmoja alikwenda kimyakimya kuiomba Akademia impeleke ng'ambo kwa gharama ya taasisi hiyo, Kramskoi akaona huo ni usaliti, wenzake wengi wakaona si jambo la kugombania. Mwaka 1870 Kramskoi akajitoa.

Picha zapanda treni

Wakati artel inayumba, wazo jingine lilikuwa limeshaiva, na lilitoka kwa Grigory Myasoyedov: picha zisisubiri watu mji mkuu, zipelekwe zilipo roho za watu. Mwaka huohuo wa 1870 katiba ya Shirika la Maonyesho ya Kuhamahama ikaidhinishwa. Kwa Kirusi wanaitwa Peredvizhniki, na ndilo jina linalojulikana duniani. Onyesho la kwanza lilifunguliwa Novemba 1871. Wapi? Ndani ya jengo la Akademia. Ugomvi wa Warusi hawa na Akademia haukuwa wa kuta mbili zinazotazamana. Ulikuwa wa ndugu wa nyumba moja, wanaotukanana asubuhi na kuazimana chumvi jioni. Kutoka hapo picha zikaenda Moscow, Kiev na Kharkov. Miongoni mwake ilikuwamo ile ya Aleksei Savrasov ya kunguru weusi waliorudi kwenye miti mitupu, theluji ikianza kuyeyuka. Safari hii kunguru hawakuwa wa Odin, walikuwa wa kijijini.

Kinachosahaulika ni hesabu. Kabla ya hapo, kiingilio cha maonyesho kilikuwa cha taasisi, na mchoraji alisubiri mnunuzi kutoka ikulu. Peredvizhniki walikusanya viingilio vya mji baada ya mji, wakakata asilimia ya picha zilizouzwa kwa ajili ya mfuko, zilizobaki wakagawana. Halafu kulikuwa na Pavel Tretyakov, mfanyabiashara wa nguo wa Moscow, mtu mkimya aliyekuwa akipita kabla onyesho halijafunguliwa na kuchagua picha zake. Mwaka 1892 aliukabidhi mji wa Moscow mkusanyo wake wote, na ndiyo maana leo Peredvizhniki ndio sura ya "uchoraji wa Kirusi" kwa watu wengi. Bila pesa za kitani za Tretyakov, sidhani kama kundi lingeishi miaka kumi. Liliishi zaidi ya hamsini. Onyesho la 48 na la mwisho lilikuwa mwaka 1923.

Na Repin? Alifika St Petersburg kutoka Ukraine siku chache tu kabla ya kumi na wanne kutoka. Yeye akaingia. Akasoma hadi mwisho, akapata medali kubwa ya dhahabu mwaka 1871 kwa picha ya kufufuliwa kwa binti Yairo, akaenda Paris kwa posho ya Akademia. Lakini bado akiwa mwanafunzi alianza picha ya watu kumi na mmoja wanaovuta jahazi kwa kamba kwenye mto Volga, kazi ya punda kufanywa na binadamu. Ilinunuliwa na Vladimir, mtoto wa mfalme, kiongozi wa Akademia yenyewe. Mwaka 1878 Repin akajiunga na Peredvizhniki.

Kufikia miaka ya 1890 waasi walikuwa wamezeeka. Vijana walioleta picha zao walipigiwa kura na wazee waanzilishi, na wengi walirudishwa na turubai zao kwapani. Akademia, kwa upande wake, ilikuwa imechoka kuchekwa. Ikabadilisha katiba, na mwaka 1894 ikawaita adui zake wafundishe: Repin, Shishkin wa misitu, Kuindzhi wa mbalamwezi, Vladimir Makovsky. Wakaenda. Wenzao wengine waliwaita wasaliti, neno lilelile la artel. Kuindzhi hakudumu, mwaka 1897 alisimama upande wa wanafunzi waliogoma, akafukuzwa, na mwaka uliofuata akawachukua wanafunzi wake kuzunguka Ulaya kwa pesa zake mwenyewe.

Miaka ishirini iliyofuata ni vurugu ya majina, na sitayataja yote. Kundi la Ulimwengu wa Sanaa la Diaghilev na Benois liliona kazi za Peredvizhniki ni mahubiri ya shule ya Jumapili. Umoja wa Wachoraji wa Kirusi wa 1903 uliwaunganisha watu wa miji miwili, Moscow na St Petersburg, hadi 1910 walipotengana. Mwaka huo huko Moscow wakaja Jaki ya Kisu, kama karata, na miaka miwili baadaye Mkia wa Punda, la Larionov na Goncharova. Kila onyesho lilikuwa chama, na kila chama kilikuwa na adui wake. Cha kukumbuka ni kwamba mchoraji wa wakati huo akigombana na wenzake alihama tu. Serikali ilikuwa na Akademia yake, haikuwa na habari na vyama.

Amri mbili

Aprili 1918, miezi michache baada ya Wabolsheviki kushika nchi, Akademia ikafutwa. Mahali pa shule zikawekwa Studio Huru za Serikali, ambako mwanafunzi ndiye aliyemchagua mwalimu. Wachoraji Tatlin, Malevich na Petrov-Vodkin walifundisha katika majengo yaleyale ya medali. Moscow, mwaka 1920, kikaanzishwa VKhUTEMAS, chuo cha sanaa na ufundi kilichochanganya uchoraji, usanifu majengo, nguo, mbao na chuma. Februari 1921 Lenin alikwenda usiku kuwatembelea wanafunzi bwenini. Chuo kilifungwa 1930.

Nje ya vyuo vyama viliendelea kuzaliwa, lakini sasa kila kimoja kilidai ndicho cha mapinduzi. Chenye nguvu kilikuwa AKhRR, yaani Chama cha Wachoraji wa Urusi ya Mapinduzi, cha mwaka 1922, wachoraji wa mtindo wa Peredvizhniki waliohamia kuchora Jeshi Jekundu, na jeshi ndilo lililowalea. Kilipambana na wengine kwa makala, kwa mikutano, na kwa kushindania kazi za serikali, ambayo sasa ndiyo ilikuwa karibu mnunuzi pekee.

Kwa hiyo tarehe 23 Aprili 1932, Kamati Kuu ya chama tawala ilipotangaza kwamba makundi yote ya sanaa yanavunjwa na kila fani itakuwa na umoja mmoja, wachoraji wengi walishangilia. Hili huwashangaza wasomaji wa leo. Wao waliona tu kwamba ubabe wa AKhRR umekwisha. Hawakuona kwamba kuanzia siku hiyo mtu akigombana na wenzake hana pa kuhamia.

Hapa katalogi hujichanganya. Mwaka 1932 haukuzaa umoja wa nchi nzima kwa wachoraji. Ulizaa wa Moscow, wa Leningrad, na wa miji mingine. Kamati ya maandalizi ya umoja wa nchi nzima iliundwa 1939 chini ya Aleksandr Gerasimov, na mkutano mkuu wa kwanza ukafanyika 1957. Ukiona "mwanachama wa Umoja wa Wachoraji wa USSR tangu 1935", soma tawi la mji wake. Gerasimov ndiye aliyechora Stalin na jemadari wake Voroshilov wakitembea Kremlin, lami ikiwa bado imelowa. Watu wa Moscow waliiita kwa kuiba, kwa maneno yenye vina kwa Kirusi, "viongozi wawili baada ya mvua". Mwaka 1947 alikuwa rais wa kwanza wa Akademia ya Sanaa ya USSR: vyeo vya uakademia vilirudi, posho ya maisha ikarudi. Shule ya kando ya Neva ilikuwa imeshapewa jina la Repin, ambaye alifia Finland mwaka 1930.

Basi Umoja ulikuwa na kazi gani? Ulikuwa na funguo. Mfuko wa Sanaa, ulioanzishwa 1940, ulijenga studio, ulisimamia karakana na maduka ya rangi, turubai na brashi, ulikuwa na nyumba za mapumziko ambako mchoraji alikaa wiki kadhaa akifanya kazi yake huku akipikiwa. Kazi za mabango, sanamu za viwandani na picha za viongozi kwa ajili ya ofisi zilipitia humo, zikipimwa na baraza la wataalamu kabla ya malipo. Asiyekuwa mwanachama hakuzuiwa kuchora. Alikosa tu rangi nzuri, chumba, kazi, na kuanzia 1961 alikosa hata jibu la swali la polisi, maana sheria dhidi ya "kupe" ilimtaka kila mtu mzima awe na kazi inayotambulika.

Septemba 15, 1974, wachoraji wasio na mlango huo walisimamisha picha zao kwenye uwanja wazi wa Belyaevo, pembezoni mwa Moscow. Yakatumwa mabuldoza na magari ya kumwaga maji. Waandishi wa kigeni walikuwapo, aibu ikawa kubwa, na wiki mbili baadaye wakaruhusiwa kuonyesha kwa saa nne katika bustani ya Izmailovo. Februari iliyofuata walipewa jengo rasmi, la banda la ufugaji nyuki kwenye viwanja vya maonyesho. Kisha serikali ikapata suluhisho la kiofisi kabisa: ikawafungulia sehemu katika chama cha wafanyakazi wa michoro ya vitabu. Wakapata kitambulisho, na wakaacha kuwa kupe.

Baada ya 1991 Akademia ikageuka kuwa ya Urusi, ikaongozwa na Zurab Tsereteli tangu 1997 hadi kifo chake 2025. Umoja ukagawanyika, kila jamhuri ikachukua tawi lake.

Turudi kwenye katalogi, tuchukue mtu mmoja. Juu ya paa la jengo kubwa la zamani kwenye barabara ya Sretensky, Moscow, kulikuwa na studio darini, iliyopatikana kwa njia halali za Umoja. Miaka ya 1970 marafiki walipanda ngazi hadi huko jioni, wakakaa. Mwenyeji aliweka albamu kwenye kishikilio kama cha nota za muziki, akafunua ukurasa mmoja mmoja, akisoma maneno taratibu: hadithi za watu wapweke waliojificha kabatini au waliopaa na kutoweka, na mwishoni kurasa nyeupe. Hakuna baraza lolote ambalo lingezipitisha, wala hakuwahi kuzipeleka. Wasifu wake wa siku hizo, mistari mitatu: Ilya Kabakov. Alihitimu Taasisi ya Surikov, Moscow, 1957. Mwanachama wa Umoja wa Wachoraji, mchoraji wa vitabu vya watoto.